Kuishi Partick: Ngazi ni ya Wote, Paa ni la Nani?

Kila ifikapo Septemba, wageni wetu wakishaonyeshwa maktaba na duka la kuku, swali linalofuata huwa ni hilo hilo: "Kaka, wewe unakaa wapi?" Nikijibu Partick, wengi hurukia habari za mpira. Basi tulimalize hilo kwanza. Timu ya Partick Thistle haichezi Partick. Ilihama mtaa huu mwaka 1908 na tangu 1909 uwanja wake ni Firhill, upande wa Maryhill. Ukija kwangu Jumamosi kutafuta mechi utaambulia foleni ya samaki na chipsi.

Mhariri ameniomba nieleze maisha ya mtaa huu kwa ajili ya wale wanaotaka kutoka mabwenini na kupanga nyumba mjini. Nimekubali, lakini nasema mapema kwamba sitaandika tangazo la biashara. Mie nasomea shahada ya uzamivu katika uhandisi wa ujenzi, umri umeshagonga thelathini, na nimezaliwa na kukulia Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba za mawe za zamani si ngeni kwangu. Nilipofika Glasgow nilijiona nazijua. Huu ni mwaka wangu wa tatu Partick na sasa naona kwamba nilizijua kwa kulala ndani yake tu.

Partick ipo kaskazini ya mto Clyde, pale mto Kelvin unapomwaga maji yake, chini ya kilima cha chuo kikuu. Jina lake limo katika hati ya mwaka 1136, Mfalme David wa Kwanza alipolitoa eneo hili kwa kanisa kuu la Glasgow. Kuanzia 1852 hadi 1912 lilikuwa mji wenye baraza lake lenyewe, ndipo Glasgow ikaumeza. Watu walikuja hapa kufanya kazi kwenye vinu vya unga vya mto Kelvin na viwanda vya meli vya Clyde. Wengi walitoka visiwani na milimani kaskazini mwa Scotland, wengine Ireland. Mpaka leo kibao cha stesheni ya treni kinaandikwa lugha mbili, na kwa Kigaeli mtaa unaitwa Partaig. Siku ya kwanza kumsikia mzee akinunua magazeti kwa Kigaeli nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekuja na wasiwasi wa Kiingereza changu, kumbe hata wenyeji wanayo lugha ya nyumbani.

Mshipa wa mtaa ni barabara ya Dumbarton. Hapo kuna kinyozi, duka la nyama, duka la Wapolandi, duka la halali, baa za wazee, maduka ya mitumba ya misaada (koti langu la baridi nimelipata hapo kwa pauni nane), na wanafunzi wenye mabegi wakikimbilia treni ya chini ya ardhi. Treni hiyo ilifunguliwa Desemba 1896, inazunguka duara moja la kilomita kumi na nusu lenye vituo 15, na kupotea humo ni kazi, maana ukipitiliza utarudi tu ulipoanzia. Na tangu Septemba 2024 lipo daraja jipya la watembea kwa miguu na baiskeli kuvuka Clyde hadi Govan. Zamani vivuko vilivusha wafanyakazi wa viwandani. Vilipokufa, mitaa miwili inayotazamana ikawa kama imehamishwa mbali. Sasa ni dakika chache kwa miguu.

Kwa wenzangu wa Unguja nina kipande kimoja zaidi. Ukiifuata barabara hiyo hiyo kuelekea magharibi unafika mji wa Dumbarton, nusu saa hivi kwa treni. Huko ndiko kiwanda cha Denny kilikojenga mwaka 1878 meli ya Sultani Barghash, baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia meli zake. Jina la meli hiyo ni Glasgow. Ndiyo ile iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja. Mwaka huo huo mji wa Glasgow wenyewe ukafungua treni ya chini ya ardhi. Kila nikisubiri basi chini ya kibao cha Dumbarton hilo hunijia kichwani.

Sasa tuingie ndani. Nyumba za hapa huitwa tenementi. Ni majengo ya mawe ya ghorofa tatu au nne yaliyoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, mengi yamejengwa kati ya 1850 na 1910. Mlango wa mbele unakuingiza kwenye ujia unaoitwa klosi, na klosi inakupeleka kwenye ngazi za mawe ambazo katikati zimelika kwa miguu ya watu wa zaidi ya miaka mia. Klosi yetu ina fleti nane, mbili kila sakafu. Nyuma kuna uwanja wa pamoja wa kuanikia nguo na kuweka mapipa ya taka. Dari ni ndefu, madirisha makubwa, na jikoni utakuta shimo kama kabati kubwa lisilo na mlango. Usishangae, hicho kilikuwa kitanda. Ukitaka kuona zilivyokuwa, nenda Garnethill kwenye makumbusho ya Tenement House. Fleti hiyo aliishi Bi Agnes Toward tangu 1911 hadi 1965 na karibu hakutupa kitu.

Lakini usidhani watu walijimwaga. Familia nzima iliishi chumba kimoja, na choo kilikuwa ngazini, cha familia kadhaa. Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu manispaa kupima fleti ndogo, zile zisizofika futi za ujazo 2,000, na kugonga mlangoni kibati kinachotaja idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala. Wakaguzi walikuja usiku wa manane kuhesabu vichwa, na waliozidi walijificha kabatini au juu ya paa. Nacheka, halafu nakumbuka kwamba sisi wenyewe, mwaka wangu wa kwanza, tulikuwa watano kwenye fleti ya watu watatu, na siku ya wakala kuja kukagua wawili walipelekwa maktaba na magodoro yao yakasimamishwa nyuma ya kabati. Leo sheria inasema watu watatu au zaidi wasio ndugu wakikaa pamoja, mwenye nyumba lazima awe na leseni maalumu ya manispaa. Uliza leseni hiyo kabla ya kutoa hata senti moja. Leseni ndiyo inayomlazimisha kuweka milango ya kuzuia moto na ving'ora vya moshi, si karatasi ya urembo.

Jambo la kwanza lililonifunza klosi ni nini lilikuwa kadi. Wiki ya tatu nilikuta imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu kadi ya zamani, imeandikwa kwamba ni zamu yetu kuosha ngazi. Nikadhani ni matangazo, nikaitupa mezani. Ikakaa pale wiki sita. Yaani zamu ya klosi nzima ilikwama juu ya meza yetu chini ya kitabu cha mekanika ya udongo. Siku moja nikateremka nikamkuta bibi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, umri umepita themanini, amepiga magoti anaosha vipande vya ngazi ambavyo ni vyetu. Hakunigombeza. Alinisalimia, akauliza habari za masomo, akaendelea kusugua. Mtu aliyelelewa pwani anaelewa salamu ya namna hiyo ina uzito gani. Nilimwomba ndoo kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo namwita Mama, ingawa yeye alishanikataza na kunitajia jina lake mara kumi.

Mama huyu ndiye aliyenieleza kwamba ngazi ni jambo dogo. Ngazi unaiosha, imekwisha. "Kazi," alisema, "ni paa."

Hapo ndipo masomo yangu na maisha yangu yalipokutana, na nitakawia kidogo, mnivumilie.

Novemba ya mwaka jana kona ya chumba changu, juu kabisa ghorofa ya nne, ilianza kuota ukungu mweusi. Nikaufuta na dawa, ukarudi. Mwenzetu wa chumba cha pili ana pumu. Kabla ya Krismasi alikuwa anatumia dawa ya kuvuta mara mbili ya kawaida, na usiku mmoja wa Januari tulimkalisha dirishani mpaka alfajiri, mmoja kashika simu tayari kupiga 999. Tulimwandikia wakala. Jibu lake: fungueni madirisha, msianike nguo ndani. Niseme haki, wakala alikuwa na nusu ya ukweli. Nguo za mashine moja zikikauka chumbani huachia hewani lita mbili hivi za maji, na sisi watatu tulikuwa tunaanika kila siku juu ya mabomba ya joto na madirisha tumeziba kwa kuogopa bili. Tukaacha. Ukungu ukapungua kwenye dirisha, lakini kwenye kona ile ukazidi. Basi nikashuka uwanjani na darubini ya kuazima.

Niliona mambo matatu. Gata lilikuwa limeota majani, tena marefu, kama bustani. Vigae vya mawe vya paa vilikuwa vimeteleza sehemu mbili karibu na dohani. Na viungo vya mawe vya ukuta wetu vilikuwa vimezibwa kwa saruji.

Watu wengi wanajua ubaya wa gata na vigae. Saruji ndiyo inayowapoteza. Ukuta wa tenementi ni jiwe la mchanga. Yale ya rangi ya asali yalichimbwa jirani, Giffnock na Bishopbriggs. Yale mekundu yaliletwa kwa reli kutoka kusini, Dumfries na Ayrshire, kuanzia miaka ya 1890. Jiwe hili hunywa maji. Wajenzi walijua, ndiyo maana walilishikiza kwa chokaa. Chokaa ni laini na ina vitundu vingi kuliko jiwe, kwa hiyo mvua ikiingia ukutani, maji hutokea kwenye viungo na kukaukia hapo. Kiungo ndicho kinachoumia, na kila baada ya miaka mingi unakikwangua na kukijaza upya. Ukiweka saruji umefunga mlango. Maji yanabaki ndani ya jiwe, na yakitafuta njia yanatokea kwenye uso wa jiwe lenyewe au upande wa chumba chako. Baridi ikija yanaganda na kutanuka. Jiwe linaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama keki, na saruji inabaki imesimama peke yake, ngumu, haina ilichokishika.

Nilipoiona picha hiyo kwenye darubini nilirudi Malindi. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, dari zake ni boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, maana boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali na familia zikagawiwa vyumba. Yetu ilikuwa na familia nne. Paa likivuja, wa juu husema paa ni la wote. Wa chini husema mvua haiwafikii. Mwaka 2005, mie nikiwa mtoto wa skuli, baba alichoka. Akanunua mifuko ya saruji kwa pesa yake, akapiga lipu ukuta wote wa barazani, mie nikiwa mbeba ndoo wake. Ukuta uling'aa kama sahani. Majirani walikuja kumpongeza. Baada ya masika machache lipu ile ilianza kudondoka kwa vipande, imeng'ang'ania vipande vya ukuta, na ndani mawe yamekuwa unga wa chumvi. Baba hakuwahi kujua kwa nini. Nimeijua sababu miye, huku, miaka kumi na kitu baadaye, katika chumba cha semina chenye hita. Nilimpigia simu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini saruji ilikuwa ghali." Na Desemba 25 mwaka 2020, sehemu ya Beit el Ajaib iliyojengwa 1883 iliporomoka na kuua watu wawili. Hapo hakuna mtu wa Mji Mkongwe aliyehitaji kuambiwa kwamba nyumba za zamani zinaweza kuua.

Glasgow nayo inalijua hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968 upepo mkali uliupiga mji huu na sehemu nyingine za Scotland, na kuua watu 20. Wengi waliuawa na dohani za mawe zilizoanguka na kupenya paa, sakafu kwa sakafu, watu wakiwa vitandani. Barabara yetu ya Dumbarton ilipoteza watu namna hiyo hiyo. Dohani hizo hazikuanguka kwa upepo peke yake. Nyumba nyingi zilikuwa hazijatunzwa kwa miaka, na mji ulikuwa tayari na mpango wa kuzibomoa. Mitaa mizima ilivunjwa, watu wakapelekwa kwenye makazi mapya ya pembezoni, Drumchapel, Easterhouse, Castlemilk, na kwenye maghorofa marefu kama ya Red Road. Maghorofa hayo ya Red Road, yaliyokuwa fahari ya miaka ya 1960, yameshabomolewa yenyewe. La mwisho mwaka 2015. Tenementi zilizonusurika ziliokolewa kuanzia miaka ya 1970, wakazi walipounda vyama vya nyumba vya mtaa na kuanza kuzitengeneza moja moja, watu wakiwa bado wanaishi humo au jirani. Kwa hiyo ukiona jengo la zamani limesimama Partick usidhani ni bahati au uimara wa mawe tu. Kuna mtu aliitisha mkutano.

Mkutano wetu ulifanyika Februari, sebuleni kwa Mama, chai na biskuti. Sheria inayotawala ni ya tenementi ya mwaka 2004, na kila mpangaji angefaa kuijua japo kwa juu juu. Inasema kwamba isipokuwa hati za nyumba zimeagiza vingine, paa, kuta za nje na msingi hutunzwa kwa gharama ya fleti zote. Anayekaa chini analipia paa kama anayekaa juu, maana paa likioza, na yeye maji yatamfikia. Nilitamani majirani zetu wa Malindi wangekuwapo. Uamuzi wa matengenezo hupitishwa kwa wingi wa kura, kura moja kila fleti. Kwa fleti nane unahitaji tano. Ukishapita, hata aliyekataa analipa, na kama mmoja ametoroka au hana, manispaa ina uwezo wa kulipia fungu lake kisha imdai.

Maneno ni mazuri. Shida ni hesabu. Kati ya fleti nane za kwetu, wenye nyumba wanaoishi humo ni watatu tu. Tano zilizobaki ni za kupangisha, na mwenye moja yuko nchi nyingine kabisa. Sisi tunaolala chini ya paa linalovuja hatuna kura. Nilikaribishwa kama mtaalamu, nikaonyesha picha zangu kwenye kompyuta, nikaeleza chokaa na saruji mpaka biskuti zikaisha. Bwana mmoja akauliza kama si nafuu kuziba tena kwa saruji. Nikameza mate. Kura zilikuwa tatu, na ya nne ikaja kwa simu.

Ya tano ilikuwa mkononi mwa mwenye nyumba wetu. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, bila matusi, yenye picha na tarehe, na hesabu ya gharama ya kusubiri miaka mitano. Nikamkumbusha pia kwa adabu kwamba sheria inamtaka nyumba anayopangisha isiingize maji wala upepo, na kwamba mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza la nyumba la Scotland bila kulipa ada. Alijibu baada ya siku kumi na moja: amekubali. Mama alipopata habari alipanda ghorofa nne, kwa magoti yale, kuja kuniambia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye ikaja barua nyingine. Kodi inapanda kwa pauni 210 kwa mwezi.

Nilikaa kitandani nikacheka kicheko kibaya. Nimebeba darubini, nimeandika barua, nimepata paa, na paa hilo huenda wakalilalia wengine. Pauni 70 kila mtu si pesa ya kuchezea kwa mwanafunzi anayeruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Hiyo ni zamu nyingine nzima ya kubeba boksi, na mmoja wetu ameshasema hawezi. Manispaa ya Glasgow ilitangaza dharura ya makazi Novemba 2023, kwa hiyo msitarajie kwamba ukitoka hapa utapata pa rahisi mtaa wa pili.

Nikaenda kutembea, nikavuka daraja jipya hadi Govan. Pale Govan Cross ipo sanamu ya Bi Mary Barbour, iliyozinduliwa Machi 2018, mbele, na nyuma yake wanawake, watoto na wafanyakazi wamejipanga. Mwaka 1915, waume wakiwa vitani na viwanda vya meli na silaha vimejaa wafanyakazi wapya, wenye nyumba wa Govan na Partick walipandisha kodi wakijua watu hawana pa kwenda. Wanawake wa klosi waligoma. Mmoja alikaa zamu klosini na kengele. Akimwona ofisa wa mahakama anakuja kufukuza familia, anapiga, na wenzake wanatoka majikoni na mifuko ya unga kumrushia mpaka arudi alikotoka. Kufika Novemba waliogoma walikuwa kama kaya 20,000. Tarehe 17 mwezi huo wapangaji 18 waliposhtakiwa, maelfu waliandamana hadi mahakamani, wafanyakazi wa viwanda wakiwa wameacha zana zao, na kabla ya mwaka kwisha bunge la London lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia kodi isipande wakati wa vita. Wanawake wale hawakuwa na kura hata ya ubunge.

Sitawaambia mrushe unga. Nitawaambia nilichofanya. Kwa mikataba ya hapa iliyofungwa tangu Desemba 2017, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi zaidi ya mara moja kwa miezi 12, lazima atoe taarifa ya miezi mitatu kwa fomu maalumu, na mpangaji anaweza kupeleka suala kwa ofisa wa kodi wa serikali apime kama kiwango ni cha haki. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, usiilaze barua kwenye droo. Hawezi pia kukutoa kwa sababu tu mwaka umekwisha. Lazima awe na sababu iliyomo kwenye sheria. Amana yako haizidi kodi ya miezi miwili na lazima iwekwe kwenye mfuko wa hifadhi ndani ya siku 30 za kazi, si mfukoni mwa wakala. Ada ya "usajili" au "kushughulikia karatasi" ni haramu Scotland, ukiombwa kataa. Na ninyi wa masomo ya muda wote hamlipi kodi ya manispaa, lakini lazima mpeleke uthibitisho wa chuo, la sivyo barua nyekundu zitawafuata.

Fomu yetu tumeipeleka. Jibu bado. Mafundi wa paa wamepangiwa mwezi wa tano, na nimeongea nao kwa simu kuhakikisha wanakuja na chokaa. Mmoja wao, kwa sauti, ni mzee, akaniuliza nimejifunzia wapi mambo ya chokaa. Nikamwambia Zanzibar. Akasema hajawahi kufika, lakini kama kuna kazi atakuja.

Anayetaka kuona klosi ilivyo kabla hajatafuta nyumba, karibu Ijumaa jioni. Shuka kituo cha Kelvinhall, fuata barabara ya Dumbarton kuelekea magharibi, kisha nipigie nikuelekeze. Kengele ya mlangoni imekufa tangu vuli. Ukinikuta nimepiga magoti ngazini na ndoo, subiri nimalize mpaka chini. Zamu ni yetu wiki hii.